Mfereji wa Babu Ulikuwa na Kona

Maneno haya niliyasema mwezi wa Novemba mbele ya wanafunzi, walimu na wazee wa kijiji, hapa kwetu mkoani Lindi. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, na nimeongeza machache yaliyonitoka kichwani nilipokuwa nimesimama.

Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu wa kidato cha tatu na cha nne, habari za mchana. Nashukuru kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwa imo kwenye mtihani. Nimekubali, ila niwaombe radhi mapema: chanzo cha vita, mkataba wa Versailles, hayo mnayo vitabuni na sitayarudia. Mimi leo nimekuja kuzungumzia handaki. Lile shimo refu ambalo mtu analichimba kwa mikono yake, akaingia, akakaa humo siku na miezi ili asife. Na zaidi ya handaki, nataka tujue aliyetoka humo akiwa hai alibaki na nini miaka hamsini baadaye, wakati majenerali wameshazikwa na mipaka imeshachorwa upya.

Nianzie nyumbani. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Mjerumani. Sisi wajukuu tulijua hivyo tu, kama mtu anavyojua kwamba babu yake alikuwa mrefu. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, na kila masika maji yaliteremka kutoka juu yakaingia hadi jikoni kwa bibi. Mwaka 1962, mimi nikiwa na miaka kumi, babu aliamua kuchimba mfereji nyuma ya nyumba wa kuyakinga. Alituita wajukuu wote, akachukua fimbo yake akachora ardhini pale pa kuchimba. Akachora hatua tano, akakata kona. Hatua mbili, kona tena. Hatua tano nyingine, kona. Baba yangu alikuwa amesimama kando, akasema kwa adabu, "Mzee, maji yanataka njia iliyonyooka." Babu hakumjibu. Tukachimba vile vile kama alivyochora, naye akichimba pamoja nasi, mtu wa miaka karibu sabini.

Mimi nilikuwa na mdomo. Nikamwuliza, "Babu, mbona unaupinda?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Ukinyooka, linakula wote."

Nilicheka. Sikucheka maneno, nilicheka sarufi. Shuleni tulikuwa tumetoka kufundishwa ngeli, na mimi nilijua kabisa kwamba maji *yanakula*, mfereji *unakula*. Hili "linakula" limetoka wapi? Nikajisemea mzee amekosea, Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kambini, lugha aliyozaliwa nayo ni Kimwera. Sikumwuliza "lipi hilo, babu?" Alifariki mwaka 1969, na mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha historia miaka thelathini na moja. Tuuache mfereji hapo kwanza. Tutaurudia.

Mahandaki ya Ulaya yalianza kwa kukosa njia nyingine. Majeshi yaliingia vitani Agosti 1914 yakidhani watu watashindana kwa miguu na farasi, wamalize kabla ya Krismasi. Lakini kulikuwa na bunduki ya rashasha, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Moja inatema risasi mia kadhaa kwa dakika. Mtu aliyesimama wima mbele yake hana maisha. Kwa hiyo wakalala chini, wakachimba, na waliochimba wakakuta hawawezi kutoka. Ilipofika mwisho wa mwaka ule, mstari wa mahandaki ulikuwa umetoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, kama kilomita 700. Upande huu Wafaransa, Waingereza na Wabelgiji, upande ule Wajerumani. Katikati palikuwa na uwanja usio wa mtu, umejaa seng'enge na maiti, mahali pengine mapana kama viwanja kadhaa vya mpira, mahali pengine mtu wa huku anamsikia wa kule akikohoa. Mstari huo ulikaa karibu pale pale kwa zaidi ya miaka mitatu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonileta. Waliotoka humo, walipokuja kuulizwa wakiwa wazee, hawakueleza vita kama vinavyoelezwa vitabuni. Mmoja baada ya mwingine walieleza miguu yao.

Flanders, kule Ubelgiji, ni nchi tambarare ya chini. Ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Na mizinga ilipoivunjavunja mifereji ya wakulima iliyokuwa ikiyatoa maji shambani, ardhi yote ikageuka uji. Mtu alisimama ndani ya handaki, maji ya baridi magotini, usiku kucha, kesho yake tena, na viatu havivuliwi. Mguu unaanza kufa ganzi. Unageuka mwekundu, kisha wa buluu, unavimba mpaka kiatu kinakatwa kwa kisu, na ukichelewa nyama inaoza ungali umesimama juu yake. Majira ya baridi ya kwanza peke yake, jeshi la Uingereza lilipata wagonjwa wa namna hiyo takriban 20,000. Dawa waliyoibuni ilikuwa mafuta ya nyangumi. Ikatolewa amri kwamba askari wakae wawiliwawili, kila mmoja ampake mwenzake miguu, amkaushe vidoleni, ambadilishie soksi, na ofisa apite akikagua. Hebu fikirini wanaume wazima, wameletwa pale kuua watu, wamepakatana miguu na kupakana mafuta kama mama na mtoto mchanga. Mpaka uzeeni mtu alimkumbuka yule aliyempaka miguu, hata kama jina la kijiji walichokuwa wakikipigania limemtoka.

Walikumbuka chawa pia, waliojificha kwenye mishono ya nguo, wakawa wanawaunguza kwa mshumaa. Walikumbuka panya walionenepa, na walikuwa wanajua wamenenepa kwa kula nini. Walikumbuka chai yenye ladha ya petroli, kwa kuwa maji yaliletwa kwenye madebe yaliyokuwa na petroli na hayakuoshwa vizuri. Kila alfajiri na kila magharibi wote walipanda kwenye ngazi ya kupigia risasi, bunduki tayari, kwa sababu hizo ndizo saa za kuvamiana. Wapo waliozeeka wakiwa hawawezi kulala jua linapochomoza, hata ndani ya nyumba zao, hata baada ya miaka sitini ya amani.

Na sauti. Kabla ya shambulio la mto Somme, Waingereza walipiga mizinga siku saba mfululizo, makombora yapata milioni moja na nusu. Walidhani hakuna kiumbe kitakachobaki hai upande wa pili. Tarehe 1 Julai 1916, asubuhi, askari wakatoka mahandakini. Wajerumani walikuwa wamejificha kwenye mashimo ya kina kirefu, wakapanda juu na bombomu zao zikiwa nzima. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, waliokufa miongoni mwao 19,240. Siku moja, wanangu. Lakini mara nyingi waliobaki hawakusimulia hesabu. Walisimulia kwamba baada ya kishindo cha siku saba pakatokea kimya cha dakika chache, na ndani ya kimya kile wakasikia ndege wakilia.

Kulikuwa na wengine ambao sauti ile iliwaingia ikakataa kutoka. Wakatetemeka bila kukoma, wakawa mabubu, wakapoteza macho ilhali jicho halina jeraha. Daktari mmoja wa Kiingereza, Charles Myers, aliuandika ugonjwa huo kwenye jarida la kitabibu mwaka 1915. Wengine hawakubahatika kumkuta daktari. Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe 306 kwa kutoroka, kwa woga na makosa ya namna hiyo, na ilichukua mpaka mwaka 2006 kuwasamehe. Miaka tisini. Watoto wao walikua wakiitwa watoto wa mwoga. Hilo likinijia huwa nakosa la kusema, na leo pia nitalipita.

Nataka niwasimulie habari za mtu mmoja. Jina lake Harry Patch, Mwingereza, fundi bomba. Alizaliwa mwaka 1898, akaitwa jeshini, akapelekwa Flanders mwaka 1917 kwenye kikundi cha watu watano wa bunduki ya rashasha aina ya Lewis. Hao watano waliwekeana ahadi kwamba wakiweza watapiga miguu, hawataua. Katika mapigano ya Agosti alimkuta askari mwenzao wa Kiingereza amechanwa na chuma kutoka bega hadi kiunoni. Yule kijana aliwaomba wampige risasi. Kabla hawajaitoa bastola, akafa. Neno lake la mwisho lilikuwa "Mama", na Patch alishikilia mpaka kufa kwake kwamba halikuwa kilio. Alilitamka kama mtu anayemwona mama yake akija. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1917 kombora lilipasuka juu yao. Watatu kati ya wale watano hawakuonekana tena. Patch alijeruhiwa, akarudishwa kwao.

Akaoa, akazaa, akatengeneza mabomba ya maji ya watu, na hakusema neno. Mke wake hakuambiwa. Watoto hawakuambiwa. Miaka themanini! Alipotimiza miaka mia, mwaka 1998, ndipo watu wa televisheni walipomfuata, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache mno. Akaeleza kitu ambacho nami nilipokisikia kilinikaa. Kwenye nyumba ya wazee alipokuwa akiishi, mbele ya mlango wa chumba chake palikuwa na kabati la mashuka. Usiku, mhudumu akiwasha taa ya kabati lile, mwanga ukampiga yeye akiwa nusu usingizini, anakuwa amerudi pale pale, kombora limepasuka. Taa ya kabati la mashuka. Kila mwaka tarehe 22 Septemba ndiyo ilikuwa siku yake ya kumbukumbu, siku ya wale watatu; sherehe za Novemba 11, siku mapigano yalipokoma, hakuzijali. Alifariki Julai 2009 akiwa na miaka 111, na alikuwa wa mwisho kati ya askari wa Uingereza waliopigana ndani ya mahandaki yale.

Mtaniuliza, mwalimu, haya ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?

Kwanza, mahandaki yale hayakuwa ya Wazungu peke yao. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Wajerumani walifungua mitungi ya gesi ya klorini, ukungu wa kijani-njano ukaja ukitambaa ardhini na upepo. Waliokuwa mahandakini pale walikuwa askari wa Ufaransa, na sehemu kubwa ilikuwa kikosi kilichotoka Algeria. Waafrika walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuivuta hewa ile. Ngome ya Douaumont kule Verdun ilipokombolewa tarehe 24 Oktoba 1916, kati ya waliopanda kilima kile walikuwamo Wasenegali, na majirani zetu Wasomali waliotoka Djibouti.

Wahindi nao walikuwapo, maelfu kwa maelfu, tangu miezi ya mwanzo. Barua zao zilisomwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kutumwa, kwa hiyo wakabuni lugha. Walimwandikia ndugu kijijini kwamba pilipili manga imekwisha, au kwamba sasa inatumika zaidi pilipili manga kuliko pilipili nyekundu. Pilipili manga ni wao wenyewe. Pilipili nyekundu ni Waingereza. Anayeipokea barua anaelewa: msiwatume vijana wengine huku, tunamalizika. Wakaguzi waligundua, ndiyo maana barua zile zimehifadhiwa mpaka leo. Nimefundisha watoto wa pwani miaka mingi na sijawahi kulisimulia hili bila darasa kunyamaza, maana pilipili manga ipo jikoni kwa kila mama.

Pili, kuna suala la nani aliulizwa. Wazee wa Uingereza na Ufaransa walifuatwa na watu wenye vinasa sauti, kanda zao zimejaa kwenye makumbusho. Senegal kulikuwa na mzee mmoja, Abdoulaye Ndiaye, aliyepigana Ufaransa na kujeruhiwa. Serikali ya Ufaransa ilimkumbuka mwaka 1998. Ikapangwa kwamba tarehe 11 Novemba balozi aende kijijini kwake, Thiowor, amvishe nishani kubwa ya nchi ile. Mzee alifariki tarehe 10 Novemba, akiwa na umri wa miaka 104. Siku moja kabla.

Na hapa niseme na ninyi vijana moja kwa moja. Hapa kijijini petu wapo wazee waliokwenda Kagera mwaka 1978 na 1979. Wawili nawaona wameketi mstari wa mbele, Mungu awaweke. Nao walichimba mahandaki, walilala kwenye matope ya mvua za kule, walitembea na bunduki kutoka mpakani hadi Kampala. Msiende kwao na swali la "vita vilikuwaje, mzee?" Swali kubwa kama hilo mtu atalijibu kwa hotuba aliyoisikia redioni. Mwulize alikuwa anavaa viatu saizi gani na kama vilimtosha. Mwulize maji ya kunywa waliyateka wapi, nani alipika, alilala upande gani wa shimo, barua ya nyumbani alisomewa na nani. Kisha mnyamaze. Akinyamaza na yeye, msijaze kile kimya kwa maneno yenu. Msimkatize kumsahihisha tarehe. Na akitumia neno ambalo mnadhani amelikosea, tafadhalini sana, liandikeni kama alivyolitamka.

Nirudi kwa babu.

Oktoba 1917, mwezi ule ule ambao huko Flanders watu walikuwa wanazama kwenye matope ya Passchendaele, hapa kwetu, mahali ambapo basi la Masasi linapita kila siku, palipiganwa vita vya Mahiwa. Kuanzia tarehe 15 hadi 18. Jeshi la Mjerumani chini ya Jenerali Lettow-Vorbeck lilikuwa limejichimbia kwenye miinuko, na jenerali wa upande wa Mwingereza akaamua kulikabili uso kwa uso, tena na tena, kama kule kule Ulaya. Kikosi cha Wanaijeria kilizungukwa, nacho kikajichimbia chini. Waliopigana huku na huku wengi wao walikuwa Waafrika: Wanaijeria, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), na askari wetu wa Mjerumani. Upande wa Mwingereza walikufa, kujeruhiwa au kupotea zaidi ya watu 2,000 katika jeshi lisilofika 5,000. Wajerumani walipoteza watu kama 500, na ingawa walihesabu wameshinda, risasi zao zilikuwa zinaisha. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma wakaingia Msumbiji. Na nyuma ya majeshi yote hayo walikuwapo wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana nao, na mtu anaweza kununua shati pale maisha yake yote asijue.

Babu alikuwa Mahiwa. Hilo nililijua kwa bibi, si kwake. Alikuwa miongoni mwa wagonjwa walioachwa nyuma jeshi lilipovuka mto. Bibi alisema kwamba tangu aoane naye, babu hakuwahi kulala bila mtungi wa maji kuwa kitandani, usawa wa mkono wake. Usiku anaweza kuamka akaugusa tu, ajue umejaa, akalala tena. Mtoto yeyote aliyeuhamisha mtungi ule alichapwa, na babu hakuwa mtu wa kuchapa watoto. Oktoba hapa kwetu mnalijua jua lake. Siku nne ndani ya shimo, na mto unauona lakini huwezi kuufikia. Sihitaji kitabu kunieleza ule mtungi.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani malimbikizo ya mishahara yao. Ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wakaja wazee kama mia tatu na hamsini, na wenye vyeti walikuwa wachache sana. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Mhasibu aliyekuja na fedha akakwama: atamjuaje askari wa kweli? Ndipo akaja na wazo. Kila mzee akapewa ufagio, akasimama mbele, akatolewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Bunduki begani, bunduki mguuni. Wazee wa miaka sabini, miaka arobaini na sita tangu wasalimishe silaha zao, mikono ikafuata yenyewe. Husemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Babu hakwenda. Mwanza ni mbali, na habari zenyewe zilitufikia zikiwa zimechelewa. Nilipomsimulia habari za ufagio, hakucheka. Aliiangalia mikono yake, akaendelea kumenya muhogo.

Sasa Ubelgiji. Oktoba 2017, miaka mia kamili tangu Mahiwa, nilialikwa huko pamoja na walimu wengine wanne wa historia. Tulitembezwa Ypres. Kila jioni saa mbili kamili, chini ya lango lililoandikwa majina ya askari zaidi ya 54,000 wasiojulikana walipozikwa, wapiga tarumbeta husimama na magari husimamishwa. Tukapita mashambani. Kwenye kona ya shamba moja la viazi, chini ya nguzo ya umeme, niliona makombora mawili yenye kutu, marefu kama mkono wangu, yamepangwa vizuri kama mtu aliyeweka kuni. Mwenyeji wetu akasema mkulima ameyalima asubuhi, atapiga simu, jeshi litakuja kuyachukua. Baada ya miaka mia ardhi ile bado inayatoa.

Siku ya tatu tukapelekwa Diksmuide, kwenye handaki la Wabelgiji linaloitwa Dodengang, maana yake njia ya mauti. Limehifadhiwa; magunia ya mchanga yamegeuzwa kuwa ya saruji ili yasioze, lakini umbo lake ni lile lile la wakati wa vita. Nikashuka ndani. Nilitembea hatua kadhaa nikakutana na ukuta. Ilibidi nikate kona. Hatua chache, kona nyingine. Nikasimama. Mgongo wangu ulikuwa umelijua jambo kabla ya kichwa. Nikamwuliza yule kijana aliyekuwa akitutembeza kwa nini hawakulichimba likanyooka, ingekuwa rahisi zaidi kupitisha majeruhi. Akanijibu kama anavyowajibu wageni wote: handaki likinyooka, kombora likidondoka ndani, vipande vinakwenda moja kwa moja vinaua wote waliomo. Likiwa na kona, wanakufa wa kipande kimoja tu.

Kombora. *Li*natua, *li*napasuka, *li*nakula. Ukinyooka, linakula wote.

Babu hakuwa amekosea ngeli. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikuwa mwalimu wa historia miaka thelathini na moja nikiwa na jibu lake kichwani bila kujua ni jibu. Walimu wenzangu walidhani nimeugua. Nilikaa juu ya gunia la saruji, nikalia mbele ya watu nisiowajua, na sioni haya kuwaambia.

Niliporudi, wiki ile ile nilipanda gari hadi nyumbani kwa babu. Nyumba ilishaanguka, anaishi pale binamu yangu kwenye nyumba mpya ya bati. Mfereji upo. Umejaa majani na umepungua kina, lakini kona zake zote zipo, na binamu yangu ameuacha hivyo kwa sababu ameukuta hivyo. Niliazima utepe wa fundi cherehani nikashuka ndani. Kila kipande kirefu, kutoka kona hadi kona, kilikuwa na upana wa mabega ya mtu mzima, na urefu wa watu wawili wamelala.